Redio Iliyofungiwa Ndani ya Simu ya Mama

Mama hakuwahi kuniomba simu kubwa. Naliandika hilo mwanzoni kabisa kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa nikiwasimulia watu habari hii kana kwamba yeye ndiye aliyeitaka. Alikuwa na kitochi chake, ile simu ndogo ya vitufe yenye taa kichwani, na kilimtosha. Akiwa shambani kwake Mwandiga alikifunga kwenye ncha ya kitenge, na mchana alipopumzika alibonyeza kitufe kimoja tu akasikiliza redio. Muziki hakuujali sana. Alisubiri matangazo ya vifo. Wapo wanaosema matangazo yale yanatia huzuni, lakini mama aliyasikiliza kama mtu anayesomewa barua ya nyumbani: nani kafariki, ni mtoto wa nani, msiba uko wapi, mazishi ni saa ngapi. Baada ya hapo alijua kama avae aende mwenyewe au amtume mtu na mkungu wa ndizi.

Mimi ndiye niliyeiingiza simu kubwa katika maisha yake. Nafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari Ujiji, na kaka yangu anaishi Dar es Salaam na watoto ambao mama alikuwa hajawaona kwa miaka minne. Niliona aibu kuwa na mama anayewajua wajukuu zake kwa sauti tu. Kwa hiyo nilinunua simu ya kugusa, nikakata laini yake ili iingie, nikampelekea. Kitochi nilimpa msichana aliyekuwa akifanya kazi kwa mwalimu mwenzangu, na msichana huyo muda si mrefu alirudi kwao Kasulu. Mama aliigeuzageuza simu mpya, akaisifia kioo, kisha akauliza redio inawashwa wapi.

Nikamwambia simu hii ina kila kitu. Nilitafuta redio kwenye vialama vyote vya kioo, sikuiona. Sikutaka kukubali, kwa hiyo nikamwekea programu inayoleta redio kwa njia ya mtandao, nikamwonyesha pa kugusa, na sauti ikatoka safi kuliko ya kitochi. Nilirudi Ujiji nimejawa na sifa. Nilichosahau kumweleza vizuri ni kwamba redio ile ilikula bando la intaneti, na bando likiisha inanyamaza bila kuaga. Na sikumfundisha vya kutosha kwamba simu hii haipokelewi kwa kubonyeza bali kwa kuburuza kidole. Aliniambia mara moja, kwa simu ya jirani, kwamba yake inalia, anagusa, haipokei. Nikajibu kwamba nitakuja Jumamosi.

Jumamosi hiyo sikwenda. Nilikwenda iliyofuata, na safari hiyo mama ndiye aliyeipanga. Alitaka nimsindikize Ujiji kwa rafiki yake.

Rafiki huyo walikuwa wamekua naye kijiji kimoja, wakichota maji pamoja na kusukana nywele. Aliolewa Ujiji na mwanamume Mwislamu, akasilimu, na kwa miaka mingi alikuwa akianika dagaa pale Kibirizi, kando ya ziwa. Mama ni Mkristo wa kila Jumapili, lakini sijawahi kuona undugu wa damu ulioshika kama ule. Kila baada ya mavuno ya michikichi mama alimpelekea lita kadhaa za mawese, na kila mara alirudi na dagaa waliochaguliwa mmojammoja, wasio na mchanga. Siku ile mama alikuwa na dumu la mawese lililozibwa kwa karatasi ya nailoni, akakataa nimpokee hadi tulipofika mlangoni.

Alibisha hodi kwa jina la utani la utotoni mwao, kama kawaida yake. Binti wa rafiki yake ndiye aliyetoka. Alimsalimia mama shikamoo, kisha akabaki amesimama, akiangalia dumu.

"Mama, hukusikia?" aliuliza.

Mama akasema hakusikia nini. Binti akamshika mkono, akamwingiza ndani, akamkalisha. Mama yake binti huyo alikuwa amefariki siku tisa nyuma. Aliamka vizuri, akaswali, akalalamika kifua, na kabla ya saa nne alikuwa amekata roho. Walimzika siku hiyohiyo baada ya alasiri.

"Nilikupigia mara mbili," binti alisema. "Hukupokea. Nikasema si kitu, tumetangaza redioni mara tatu, na mama wa Mwandiga hata asipopokea simu, redio haimpiti."

Mama hakulia pale. Aliuliza nani alimwosha, wakamtajia. Aliuliza alivishwa sanda na nani, wakamtajia. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na simu yake mkononi. Nilikuwa nimeifungua bila kufikiri, na kwenye orodha ya simu zilizoingia nikaziona mbili, tarehe ile, saa nne na dakika kadhaa, zote zina alama nyekundu. Nilipojaribu redio ya mtandao, iliandika kwamba hakuna muunganisho. Bando lilikuwa limeisha siku mbili kabla ya msiba. Nami nyumba ninayopanga haifiki dakika kumi kwa miguu kutoka pale. Watu walipita barabarani wamebeba jeneza wakati mimi nikifundisha mawimbi ya sumakuumeme, kidato cha tatu, katika masomo ya ziada ya jioni.

Tukiwa njiani kurudi mama alisema jambo moja tu. Alisema angalau angekaa na wanawake wenzake siku ile, hata asingefanya lolote.

Wiki iliyofuata niliipeleka simu kwa fundi mmoja wa mtaa wa Rusimbi. Nilitaka aniwekee njia rahisi ya kupokea simu, kitufe kikubwa au kitu cha namna hiyo. Fundi huyu ni mtu mzima, familia yao ilivuka ziwa kutoka Kongo yeye akiwa mtoto, na kabla simu hazijaja alikuwa akitengeneza redio za betri nne. Ana kibanda chenye meza moja na lenzi ya kuvaa kwenye jicho. Alipokwisha kuniwekea kitufe hicho nikamweleza, kwa hasira ambayo haikumhusu, kwamba simu ya bei ya kitochi inashika redio na hii inayogharimu mara nyingi zaidi haishiki.

Fundi alitoa waya wa masikioni kwenye droo, akauchomeka uwe antena, kisha akabonyeza nyota, alama ya reli na namba ndefu, kama anayeangalia salio. Kioo kikageuka cheupe, kikaleta orodha ya maneno ya Kiingereza, madogo na mengi. Akaniambia huo ni ukurasa wa mafundi wa kiwandani, wanautumia kupima simu kabla haijatiwa boksini. Akashuka chini, akagusa mstari mmoja, akaandika namba za masafa, akanipa waya.

Nilisikia mkwaruzo, kisha sauti ya mtangazaji wetu wa pale mjini akisoma tangazo la mtu aliyepoteza vyeti vya shule kati ya Mwandiga na stendi. Bando lilikuwa halimo. Laini yenyewe ilikuwa mezani.

"Redio iko mule ndani, mwalimu," fundi alisema. "Haikuvunjika na haikusahauliwa. Wameifunga tu."

Alinieleza kwamba kile kidude kimoja, kidogo kuliko ukucha, kinachoshughulika na Bluetooth na Wi-Fi, ndicho hichohicho chenye kipokezi cha redio, maana kiwanda kinavitengeneza pamoja. Anayeunda simu ndiye anayeamua kipi kiachwe wazi na kipi kizibwe. Nami, mwalimu wa fizikia, nikauliza swali ambalo hata mwanafunzi wangu angeuliza: kwa nini wazibe kitu ambacho tayari kimelipiwa? Fundi akasema yeye huambiwa na wateja sababu nyingi, lakini wa kiwandani hajawahi kumwambia hata moja. Labda wanataka watu wanunue bando, labda waliona hakuna atakayeuliza.

Sikumbuki niliagaje. Ninachokumbuka ni kwamba nilitembea kutoka Rusimbi hadi nyumbani bila kupanda kitu, na kila hatua nikiona ile siku. Mama akiwa amekaa chini ya paa la jiko lake, akipukuchua mahindi, simu ikiwa pajani. Tangazo linasomwa mara tatu. Mawimbi yanapita juu ya bati, yanapita ndani ya simu yenyewe, na ndani ya simu kuna kitu kinachoweza kuyasikia, kimezuiwa kusikia. Ingekuwa simu haina redio kabisa ningejilaumu nikanyamaza. Kwamba ilikuwa nayo, hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Nikaamua kumfundisha mama ule ukurasa. Niliandika hatua kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi ya daftari: chomeka waya, bonyeza hiki, kisha hiki, shuka hadi neno linaloanza na F. Mama alisoma hadi darasa la nne, na kwa Kiswahili anasoma Biblia bila shida, lakini ukurasa ule ulikuwa wote Kiingereza na herufi kama punje za ulezi. Tulijaribu mchana mzima. Alipofanikiwa mara ya kwanza alitabasamu. Kisha kioo kikajizima chenyewe na redio ikakatika, kwa sababu ukurasa ule haufanyi kazi kioo kikiwa kimezimwa. Ikabidi kuanza upya tangu nyota ya kwanza.

Siku mbili baadaye simu yake ikawa haipatikani. Nilipiga asubuhi, nikapiga mchana, nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule nikaenda Mwandiga nikiwa nimeshajiandaa kwa lolote. Nilimkuta anapalilia maharage. Alikuwa amegusa mstari wa juu ya ule wa F, na mstari ule ulikuwa umezima kabisa mtandao wa simu.

"Mwana wanje," aliniambia, yaani mwanangu kwa lugha ya kwetu, kwa ile sauti anayotumia akichoka, "hiki kitu chako kinanifanya mjinga kila siku."

Ningeishia hapo. Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Lakini nilikuwa nimeshageuza jambo hili kuwa kesi yangu na kiwanda, nami nilitaka kushinda. Nilipakua programu za redio, moja baada ya nyingine, na kila moja ilifunguka ikaniambia kwamba kifaa hiki hakina redio. Nilikuwa nimeisikia redio hiyo kwa masikio yangu. Nikapiga namba ya huduma kwa wateja iliyoandikwa kwenye boksi. Nilisubiri muziki wao hadi sikio likapata joto, kisha akapokea dada mmoja mpole sana. Nilimweleza yote, hadi na ile namba ya kufungulia ukurasa. Akaniomba nisubiri. Aliporudi alisema toleo langu la simu halina kipengele cha redio. Nikamwambia kipengele kipo, nimekisikiliza. Akarudia vilevile, neno kwa neno, na ndipo nilipoelewa kwamba anasoma alichoandikiwa. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe ana mama. Akasema anaye, kisha akaniuliza kama kuna jambo lingine la kunisaidia. Nilikata simu, na hadi leo naona aibu kwa swali lile, kwa sababu dada yule hakufunga chochote.

Nilirudi Rusimbi. Safari hii fundi alikuwa na jambo la kunionyesha. Mfanyabiashara mmoja anayevuka ziwa kwenda Kalemie, Kongo, na kurudi alikuwa amemletea simu iliyopasuka kioo, na ilikuwa pacha wa simu ya mama, jina lilelile, rangi tofauti tu. Kwenye kioo chake, katikati ya vialama, kulikuwa na cha redio. Ilikuwa imeuzwa ng'ambo, na huko waliiacha wazi. Fundi alizifungua zote mbili migongo akaziweka kandokando chini ya taa, akanivalisha lenzi. Nilitazama kwa muda mrefu, nikitafuta tofauti. Hakukuwa na waya uliozidi wala nukta ya risasi ya kuchomelea iliyopungua.

Fundi akasema anaweza kujaribu kuipa simu ya mama akili ya ile nyingine, yaani afute programu zote za ndani aimwagie zile za pacha wake. Akanionya kwamba simu inaweza kukataa, na ikikataa vibaya inaweza isiwake tena. Nilisema aendelee. Sikumuuliza mwenye simu. Hilo nalo naliandika, kwa sababu nililiona baadaye.

Kazi ilichukua siku mbili. Siku ya tatu alinipigia, nikaenda mbio baada ya kipindi cha mwisho. Simu ilikuwa inawaka vizuri, na kialama cha redio kilikuwepo, kikubwa, cha rangi ya chungwa. Ukigusa mara moja inaimba. Ukizima kioo inaendelea kuimba. Nilicheka peke yangu pale kibandani. Kisha nikaona uso wa fundi, ambaye hakuwa anacheka. Alichomeka laini ya mama, simu ikaandika kwamba haina mtandao. Alijaribu laini yangu, ikaandika vilevile. Kwenye kuhamisha zile programu, simu ilikuwa imepoteza utambulisho wake, ile namba ndefu inayoitambulisha kwa mitambo ya mtandao, na bila namba hiyo haiwezi kupiga wala kupigiwa.

"Naweza kuirudisha ilivyokuwa," alisema. "Itashika mtandao. Lakini redio itaondoka. Vyote viwili, nimejaribu, vinagoma."

Nilimuuliza kama kuna mtu mwingine anayeweza, Dodoma, Dar es Salaam, popote. Alivua lenzi. Alisema anaweza kunitajia mtu nikatumie pesa na miezi, au naweza kwenda kumuuliza bibi mwenye simu anataka nini. Alisema bila kejeli. Nilikasirika hata hivyo, nikamwambia airudishe kama zamani, nikatoka nje nikasimama juani hadi alipomaliza.

Jumamosi nilikwenda Mwandiga. Nilimweleza mama kila kitu kwa mpangilio, kama ninavyowaeleza wanafunzi. Kidude, ukurasa wa kiwandani, pacha wa Kalemie, utambulisho uliopotea. Alinisikiliza huku akipepeta. Nilifika hadi kwenye jinsi walivyoweza kuiacha wazi kwa wengine wakatufungia sisi, na sauti yangu ikawa imepanda.

"Kwani ukininunulia redio tu," mama alisema, "itakuwaje?"

Wiki zile zote sikuwahi kulifikiria jambo hilo kwa uzito. Au nililifikiria nikalifukuza, kwa sababu kununua redio kungekuwa kukubali kwamba simu niliyoisifia mbele ya majirani imeshindwa. Mama akaendelea, taratibu, bila kunitazama. Alisema tangu siku ile tuliyotoka Ujiji amekuwa akienda kila mchana kwa mama mjane wa nyumba ya tatu, mwenye redio dirishani, wanasikiliza matangazo pamoja. Hakuniambia kwa sababu aliniona nahangaika sana na simu, akaona asinivunje moyo. Alisema pia kwamba hakasiriki kuhusu msiba, amekwishaomba na kumaliza. Kilichokuwa kinamsumbua ni mimi kuja kila wiki na uso wa mtu anayedaiwa.

Nilikwenda sokoni palepale Mwandiga. Redio zilikuwa zimepangwa juu ya turubai, kati ya majembe na ndoo za plastiki. Nilichukua moja nyeusi, yenye antena ya kuvuta na kitasa cha kuzungusha. Muuzaji aliijaribu kwa betri zake mwenyewe, na kabla sijamaliza kuuliza ikawa inaongea.

Mama aliiweka juu ya kinu kilichogeuzwa. Alizungusha kitasa kwa vidole viwili, akapata kituo chake kwa jaribio la kwanza, kama anayefungua mlango wa chumba chake. Nilikaa kwenye kigoda pembeni na ile simu mkononi, na bado nilikuwa na hasira, hasira ambayo haikuwa na pa kwenda. Nilitaka kusema tena kuhusu kiwanda. Matangazo yakaanza, na mama akainua kiganja ninyamaze.

Walisomwa watu watatu siku ile. Mmoja alikuwa wa Kasulu, mmoja wa Kibirizi, na wa tatu mzee wa kijiji cha jirani ambaye mama alimfahamu kwa mbali. Alisikiliza hadi majina ya ndugu wote yakaisha, hata yale ya wanaoishi mbali. Kisha akapunguza sauti, akanyanyuka, akasema mazishi ya yule mzee ni kesho saa nane, na kama nitalala nimsaidie kukata ndizi za kupeleka. Nikamwambia nitalala.